Naomba ushauri: kadi ya chipu ilipitishwa kwa mstari, nimekatwa hela

Wakuu, habari za leo. Nina duka la vinyago na batiki hapa Arusha, jirani na Mnara wa Saa. Wateja wengi ni watalii. Mashine yangu ya kadi imechoka, tundu la kuchomeka chipu (kile kibati kidogo cha mbele ya kadi) limelegea. Chipu isiposomeka, binti wa dukani huipitisha kadi kwa ule mstari mweusi wa nyuma na malipo yanapita.

Miezi miwili iliyopita tuliuza hivyo kinyago cha mpingo cha shilingi 640,000. Juzi benki imenikata hela yote, mwenye kadi amekana malipo. Kinyago kimeenda, hela imeenda. Imeniuma sana, ilikuwa kodi ya fremu.

Nimeelezwa kuwa mstari hutoa taarifa zilezile kila mara, ndiyo maana hunakiliwa kirahisi, wakati chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila malipo. Hata Marekani, tangu Oktoba 2015, hasara ya nakala bandia ya kadi yenye chipu humwangukia mwenye duka asiye na mashine ya chipu.

Je, risiti yenye sahihi ya mteja inaweza kunisaidia kupinga? Na mashine mbovu ni jukumu la benki kuibadilisha au langu? Kwa sasa chipu ikikataa, napokea taslimu tu.