Kasi ya kompaila na uaminifu wa hesabu katika programu ya mizani ya korosho

Fundi wa Shangani, Mtwara
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaandika kwa lugha ya C programu ya kujumlisha uzito wa magunia ya korosho yanayopokelewa na vyama vya msingi kabla ya mzigo kupelekwa ghala kuu kusubiri mnada. Uzito ninauhifadhi kwa kilo, katika namba za desimali. Nikiijenga kwa GCC, kompaila yangu (yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), kwa chaguo la -O3 linaloiagiza itafute kasi, kitanzi cha kujumlisha, yaani sehemu inayojirudia kwa kila gunia, kinakwenda polepole. Nikiongeza -ffast-math, chaguo la kulegeza kanuni za hesabu za desimali, kinaharakika sana, lakini tarakimu za mwisho za jumla zinabadilika. Je, kompaila ina haki ya kubadili jibu? Mkulima akidai hesabu irudiwe, nimwoneshe jumla ipi?

Mwalimu wa Nachingwea
Ndugu Fundi, kompaila inaruhusiwa kupanga upya, kuunganisha au kufuta hatua yoyote ya programu, mradi matokeo yanayoonekana yabaki yale ambayo lugha imeyaahidi. Kwa kanuni ya IEEE 754, kanuni ya hesabu za desimali katika kompyuta iliyotolewa mwaka 1985, kila jumla ya desimali hukadiriwa hadi namba iliyo karibu zaidi inayoweza kuhifadhiwa. Ndiyo maana (a + b) + c huweza kutofautiana na a + (b + c). Chaguo la -O3 huheshimu mpangilio ulioandika, na kwa sababu hiyo haliwezi kugawa magunia katika mafungu yanayojumlishwa kwa wakati mmoja. Kwa -ffast-math, wewe mwenyewe unaiambia kompaila kwamba mpangilio si muhimu. Linalonitia hofu zaidi ni kwamba chaguo hilo huchukulia pia kuwa NaN, alama ya "si namba", haipo kabisa: ikiwa mizani iliyoshindwa kusoma unaiwekea NaN, ukaguzi wako unaweza kufutwa bila onyo lolote.

Binti wa Masasi
Shikamoo Mwalimu. Mimi ningemshauri kaka Fundi aachane na desimali, ahifadhi uzito kwa gramu katika namba kamili za biti 64, yaani zenye nafasi ya tarakimu 64 za 0 na 1. Namba kamili zisipovuka kikomo hutoa jumla ileile kwa mpangilio wowote, kwa hiyo kompaila inaweza kuzigawa katika mafungu kwa -O3 peke yake, na kasi ikapatikana bila kupoteza hata gramu moja. Biti 32 hazitoshi: kikomo chake ni 2,147,483,647, yaani tani 2,147 na ushee, kiasi ambacho korosho za msimu mmoja wa Mtwara hukipita kwa mbali. Tena, katika C, namba kamili yenye alama, yaani inayoweza kuwa chanya au hasi, ikivuka kikomo, lugha haiahidi chochote. Kompaila hudhani jambo hilo halitokei, na sharti la kuuliza kama jumla imegeuka hasi linaweza kuondolewa. Ukaguzi na ufanyike kabla ya kujumlisha, au programu ijengwe kwa -fwrapv, chaguo linaloahidi kuwa namba ikivuka kikomo itazunguka hadi upande wa pili.

Msomaji wa Kilwa
Nisingependa -ffast-math ihukumiwe moja kwa moja, kwani katika kuchakata picha tofauti hizo ndogo hazimdhuru mtu. Hata lugha ya programu ya Java ililegeza hesabu zake za desimali katika toleo la 1.2, mwaka 1998, ikarudi kwenye ukali katika Java 17, mwaka 2021, baada ya vichakataji kuweza kufuata kanuni ya IEEE 754 bila kupunguza kasi. Mzani wa mkulima, hata hivyo, si mahali pa kulegeza.

Fundi wa Shangani, Mtwara
Ahsanteni sana. Ninahamia gramu za biti 64. Je, malipo nayo niyakokotoe vivyo hivyo?

Binti wa Masasi
Ndiyo, kaka. Zidisha gramu kwa bei ya kilo ikiwa katika senti, kisha ndipo ugawanye kwa 1,000. Na kwa kuwa C hukata baki bila kuikadiria, kubalianeni na chama mapema baki hiyo inahesabiwaje.