Mpenzi wa riwaya yangu ni msambwa, nimfanyeje atishe na bado apendwe? Na nikijichapishia nianzie wapi?

binti_wa_mto (Jinja)
Habari zenu wana kalamu. Naandika riwaya ya mapenzi kwa Kiswahili, msichana muuza samaki hapa Jinja anampenda mwanamume ambaye si mtu, ni msambwa, roho ya mahali, aliyekuwa anakaa kwenye maporomoko mpaka bwawa la umeme likayafunika. Mnaojua Bujagali, yale maporomoko ya mto Nile, mnajua nasema nini, bwawa lilipoanza kazi 2012 yale maji yaliyokuwa yananguruma usiku na mchana yakawa ziwa, na mimi toka hapo nimekuwa nikijiuliza sasa yule mwenye mahali pake ameenda wapi. Hapo ndipo hadithi ilipotoka. Naandika usiku watoto wakishalala, kwa simu tu, sura ikiisha najitumia kwa imeili isije ikapotea. Rasimu imekamilika ila huyu msambwa bado ananisumbua. Nikimfanya mpole anakuwa kijana yeyote wa mtaani mwenye macho mazuri, nikimfanya mkali wasomaji wangu wa wasapu wanasema huyo mchawi, dada akimbie. Alafu sitaki kungoja mchapishaji, nataka nitoe mwenyewe. Amazon, wachapaji wa Nasser Road kule Kampala, ama niuze sura moja moja kwa wasapu? Mliopita hii njia nisaidieni.

kalamu_ya_bombo
Dada hongera, rasimu nzima kwa simu si mchezo. Kwa maoni yangu upole na ukali uviache kwanza, anachokosa huyo mtu ni mwiko. Angalia Nambi na Kintu, kila mtoto wa Buganda anaijua, waliambiwa wasirudi nyuma, yeye akarudi kuchukua ulezi wa kuku na Walumbe akawafuata, kifo kikaingia duniani kwa ajili ya ulezi! Mwiko mmoja tu, unaeleweka, na ukivunjwa kuna bei. Msambwa wako mwiko wake ni upi? Na usimchanganye na jini mahaba wa pwani, juu najua wasomaji wa Mombasa na Zanzibar watakuja na picha hiyo kichwani. Jini mahaba anamfuata mtu popote aendako, anamharibia na ndoa. Msambwa ana mahali, mwamba, mto, mti, hapo ndipo nguvu zake zilipo. Wako mahali pake pamefunikwa, banange hiyo ni hazina, usiipite mbio! Mfanye kila akija sokoni kumwona huyo msichana nguo zake hazikauki, zinachuruzika mpaka kwenye meza ya samaki, na kadiri anavyokaa nchi kavu ndivyo visima vya kijiji vinashuka, akina mama wanateremsha ndoo inarudi na tope. Hapo msichana anamtaka abaki na anajua akibaki jirani zake watakosa maji. Msomaji ataogopa na atapenda kwa wakati mmoja bila wewe kuandika popote kwamba jamaa anatisha.

Kitu kingine, jina. Usimwite Budhagaali, yule msambwa wa Bujagali mwenyewe. Kuna watu Busoga mpaka leo wanamheshimu na wanapeleka sadaka, hiyo ni imani yao hai. Tunga msambwa wako, mpe ukoo wake na mwamba wake.

msomaji_arua
Mimi siandiki, nasoma tu, hizi za mapenzi na mizimu nazimeza sana. Ombi la kwanza, mwishoni wawe pamoja tafadhali. Msomaji wa mapenzi amelipia hilo, ukimzamisha mmoja kwenye sura ya mwisho hiyo imekuwa msiba na hatanunua ya pili. La pili, huyo mwanamume asiingie ndotoni kwa msichana bila ruhusa, na ile ya "tumeandikiwa tangu kuzaliwa" isitumike kumfunga. Mwache msichana akatae mara moja kabisa tuone msambwa atafanya nini, akirudi majini kwa heshima hapo nitampenda mimi mwenyewe.

wino_na_gundi
Niko kazi ya uchapaji Kampala, naongea ya kitabu cha karatasi. Kama unataka nakala chache usikubali kupigiwa ofseti, pleti zake za kuchapia zina gharama ileile uchape hamsini au elfu, omba dijitali. Peleka PDF ya saizi A5, fonti zikiwa ndani ya faili, na kabla ya yote lipia nakala moja ya kuonja. Ifungue katikati kabisa, ikunje mpaka mgongo ulie, gundi ikipasuka au ukurasa ukichomoka hamisha kazi. Na uangalie maandishi hayamezwi na mgongo, acha nafasi ya kutosha upande wa ndani. ISBN unaomba Maktaba ya Taifa ya Uganda.

kalamu_ya_bombo
Niongeze ya Amazon. Kwanza soma orodha ya lugha wanazopokea kwa kitabu cha kielektroniki kabla hujapoteza wikendi kupanga faili. Mrabaha, yaani sehemu yako ya bei, ni asilimia 35 au 70, hiyo 70 lazima bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na si kila nchi mnunuzi alipo inahesabika. Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani kwa hiyo mauzo ya kule yanakatwa asilimia 30 kabla hujaona kitu. Kubwa zaidi ni KDP Select, mpango wa Amazon ule wa kulipwa kwa kurasa zinazosomwa. Ukijiunga, kwa siku 90 kitabu hicho cha kielektroniki hakiruhusiwi kuwa popote pengine, na sura za wasapu zinahesabika kuwa pengine. Chagua moja.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na wasapu, sura za mwanzo bure kisha wanaotaka kuendelea wanalipa kwa mobile money, manake wasomaji wa Kiswahili wako Kenya, Tanzania, Kongo, na wote wana simu. Fedha hiyo ndiyo imlipe mhariri na mchora jalada, nakala za karatasi zije baadaye. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, ila kuisajili URSB, ofisi ya usajili ya serikali ya Uganda, chini ya sheria ya 2006 kunasaidia mtu akija kuiba, na sura za wasapu zinaibwa kweli.

binti_wa_mto (Jinja)
Asanteni sana, hiyo ya visima nimeiandika hapohapo nikisoma! Kalamu, swali moja, kama wanabaki pamoja na visima vinakauka, nani aachie nini?

kalamu_ya_bombo
Yeye msambwa aachie mwamba, mwenyewe, mbele ya wazee wa kijiji, kisha mto upate mlinzi mwingine. Huyo mlinzi mpya ndiye kitabu chako cha pili, kwa hiyo mtaje mapema, sura ya tatu au ya nne, awe anapita tu na mtumbwi wake.

msomaji_arua
Mimi nihesabiwe kwenye grupu la wasapu tafadhali, na sura zitoke Ijumaa jioni siku ambayo bando ninayo.