Nimemwambia mama mkwe "umelegea", amenuna. Neno hili lina maana ngapi?

Wakuu, naombeni ushauri. Mama mkwe amekuja kupumzika kwetu. Alifika amechoka, mabega yamekaza kama mtu aliyebeba gunia. Juzi nikamkuta amenyoosha miguu, macho ameyafumba nusu, nikamwambia kwa nia njema kabisa: "Mama, leo naona umelegea." Akakunja miguu, akaingia ndani. Usiku mke wangu ananiambia eti nimemwita mama yake mgonjwa. Mbona fundi akisema nati imelegea hakuna anayenuna?

Spana17: Nati haina moyo, mkuu. Kinacholegea ni kile kilichotakiwa kikaze: nati, kamba, jino, bawaba ya mlango. Ukimwambia mtu mzima amelegea, umemwambia nguvu zimemwisha. Mtoto akishikwa na homa tunasema "mwili umelegea", na hapo hakuna anayedhani anastarehe. Na uvivu pia umo. Mlegevu si sifa.

Kitinda_mimba: Tatizo lako ni herufi moja. Legea humtokea mtu, legeza anafanya mwenyewe, kama potea na poteza. Unalegeza mkanda ukishiba. Muuguzi anakwambia legeza mkono kabla ya sindano, ukikaza inauma zaidi. Hata masharti ya mkopo hulegezwa, na wote tukafurahi. Ungesema "umelegeza mabega" ungepona.

Bi Mchokozi: Mmesahau macho! Macho yaliyolegea kwa mpenzi ni sifa, kwa dereva ni usingizi, kwa aliyetoka kilabuni tunajua. Wewe umeyasema kwa mkwe, tena yakiwa nusu yamefumba. Pole sana.

Spana17: 😂😂 Bi Mchokozi muogope Mungu.

Mzee wa Kando: Kijana, kuna jingine. Wapo wanaotamka "regea" kwa maana ya kurejea. Kama ulimi wako unachanganya r na l, huenda alisikia habari za kurudi kwake. Nenda kamwamkie, umwombe radhi, useme ulikusudia "umetulia".

Mleta uzi: Mrejesho, wakuu. Nimeenda asubuhi, shikamoo mama, nimeomba radhi, nikamwambia nilimaanisha ametulia. Kaniangalia weee, kisha akauliza: "Kwani nilipokuja nilikuwa naruka ukuta?"

Nisaidieni tena.