Mjadala: Lebo ndogo ikifunga duka, nyimbo zake ni mali ya nani?

Wadau, msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunirarua aanze: lebo (kampuni ya kurekodi na kuuza nyimbo) iliyofunga duka na isiyomlipa mtu mrabaha haifai kuendelea kumiliki nyimbo. Zirudi kwa wanamuziki au warithi wao.

Mnaoikumbuka River Road, mtaa wa muziki wa Nairobi, ya miaka ya 70 na 80 mnajua mambo yalivyokwenda. Bendi inakuja na basi la usiku kutoka Nyanza, inarekodi, kiongozi anahesabiwa pesa taslimu, basi. Mwenye lebo anapeleka masta (rekodi ya asili) kiwandani, zinatoka santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo umekatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande A, na upande B ndiko gita linakoanza kuchemka. Ninayo moja hapa mezani. Karatasi ya katikati ina jina la bendi, jina la mtunzi na nembo ya lebo, kubwa kuliko yote. Mpiga besi hayumo. Kandarasi ndiyo usiulize kabisa.

Na sheria yetu ya hakimiliki hapa Kenya, ya 2001, inamhesabu mwenye rekodi kuwa yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Si aliyepiga gita.

Jibu, kutoka kwa mtoto wa muuza santuri:
Ndugu, nimekulia nyuma ya kaunta, kwa hivyo marehemu baba, aliyekuwa na lebo yake, nitamtetea. Nani alilipia studio? Nani alibeba katoni hadi Kisumu, na zisizouzwa akarudi nazo? Wimbo ukianguka, bendi ilikuwa imeshakula chake. Hasara ilibaki dukani. Halafu zikaja kaseti. Mtu ananunua santuri moja kwetu, anashinda akiinakili kutwa nzima na kuuza nje ya mlango wetu. Hizo lebo mnazoziita nyonyaji ziliuawa na maharamia, na wanunuzi wao ni ninyi ninyi.

Jibu lingine:
Mnapigania santuri na pesa iko kwenye simu! Marekebisho ya sheria hiyo ya 2022 yanasema mapato ya miito ya simu (wimbo anaousikia anayekupigia kabla hujapokea), angalau asilimia 52 yaende kwa msanii au mwenye hakimiliki. Wimbo ukiwa wa lebo iliyokufa, hao ni watu wawili, na mmoja hapatikani. Alipwe nani?

Mwanzisha mada:
Swali zuri. Kwanza tutoe za zamani kabisa. Sheria hiyo ya 2001 inailinda rekodi miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hivyo ya 1974 ulinzi wake ulikwisha 2024. Utungaji ni habari nyingine: unalindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Hapo warithi wa mtunzi wana chao, mwenye lebo hana. Ugomvi uliobaki ni wa benga na rumba za miaka ya 80. Nashauri lebo zipewe mwaka mmoja kwenda KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na ushahidi. Isiyojitokeza, haki zirudi kwa wanamuziki.

Mtoto wa muuza santuri:
Ushahidi gani, na umeshasema kandarasi hazikuwepo? Baba alikuwa na daftari tu: jina la bendi, tarehe, kiasi alicholipa, na kidole gumba cha kiongozi. Hilo daftari KECOBO watalipokea? Wakilipokea, mwaka mmoja unatosha. Wakilikataa, mtakuwa mmetunyang'anya kwa kutumia karatasi ambazo hata wanamuziki wenyewe hawana.