Shepadi, koko na kale kadogo: nijenge mabanda matatu au niwalishe kwa zamu?

MlindaGeti: Wakuu habari za jumapili. Hapa home nina mbwa watatu, shepadi dume, koko mmoja na kale kadogo ka manyoya meupe ka wife. Ishu ni muda wa msosi. Shepadi anafuta bakuli lake kabla mwiko haujarudi jikoni, afu anahamia kwa koko, koko anampisha bila kelele, ila kale kadogo ndo kabishi, kanasimama juu ya bakuli kananguruma, naogopa ipo siku katachanwa. Fundi anakuja jumamosi kuchomelea. Nichague (a) banda la vyumba vitatu kila mmoja ale kwake, (b) niwape kwa zamu, au (c) sinia moja, jirani anasema watapangana wenyewe. Ipi bora?

Mama Kuku Mbili: Umri? Wanakula nini? Mara ngapi kwa siku? Anayewalisha nani? Mkuu unataka tupige ramli.

Msukuma wa Igoma: Sinia achana nayo. Kijijini walikula hivyo na kila boma kulikuwa na mmoja mbavu nje. Zamu ndo mpango, mkubwa kwanza, wajue nani bosi.

Teja wa Mbwa: Mambo ya bosi hadithi tu. Ukimwanza mkubwa akimaliza atafanya kazi gani zaidi ya kuvizia ya wenzie? Mfungie, anza na anayekula polepole. Na bakuli zitolewe baada ya robo saa hata kama limebaki tonge, ugomvi mwingi unaanzia kwenye hayo mabaki.

MlindaGeti: Samahani nilikuwa kazini. Shepadi miezi 8, kadogo miaka 6, koko tulimuokota. Wanakula ugali wa dona na dagaa, saa 2 usiku, mara moja. Anawapa dada.

Mama Kuku Mbili: MARA MOJA?? Shepadi wa miezi 8 bado mtoto, anakua huyo, mpe angalau mara mbili. Unataka kununua nondo wakati shida ni njaa. Na kale kadogo ugali unakajazia tumbo tu, kimwili kidogo kinachoma nguvu nyingi kwa kila kilo, ongeza dagaa au yai, punguza ugali.

BabaBoerboel: Ngoja niwape yangu maana hii ya mara moja ilinitoa machozi. Nilikuwa na boerboel, ile mbwa mikubwa ya ulinzi, dume la maana, na yeye alikuwa anapewa usiku tu, sufuria zima, anameza hatafuni kwa sababu kuna mwenzie pembeni. Siku hiyo kamaliza akafunguliwa hapohapo akaanza kukimbizana na pikipiki kule getini. Kama saa nne namkuta anazunguka hatulii, anajikamua kutapika hakitoki kitu, povu tu, mate yanachuruzika, tumbo limetuna ukiligonga linalia kama ngoma. Sisi tukadhani kala sumu, tukaanza kumnywesha maziwa. Dokta wa mifugo alipofika akasema tumbo limejaa gesi na limejizungusha, hapo ni upasuaji na muda umeshaenda. Alfajiri hakuwepo. Kwa hiyo wenye mbwa wa kifua kirefu gawanyeni msosi mara mbili au tatu, akishiba apumzike kwanza, na anayemeza haraka muwekee jiwe kubwa la mviringo katikati ya bakuli, liwe kubwa asiweze kulimeza, atalazimika kulichomoachomoa pembeni.

Msukuma wa Igoma: Pole sana mkuu. Mi wangu wanakula mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, unga wa mifupa juu, wana miguu ya chuma.

Teja wa Mbwa: Unga wa mifupa kwa mtoto wa mbwa mkubwa hapana, calcium ikizidi mifupa inakua vibaya, muulize dokta yeyote. Na mapanki ya kuchemsha ile miiba haimkwami?

Msukuma wa Igoma: Toka ziwa liko hapo hajakwamwa hata mmoja.

Dona Asilia: Mnasahau unga. Watu wananunua mahindi yaliyoota ukungu kwa bei ya kutupa, wanasema ya mbwa hayo. Sumukuvu inaharibu ini la mbwa kama la mtu, kuchemsha haisaidii. Dodoma na Manyara 2016 watu walikufa kwa hiyo kitu.

Kaka Geti Jeusi: Mimi nasikia ukimpa nyama mbichi na pilipili anakuwa mkali, kweli?

Mama Kuku Mbili: Anakuwa anaharisha. Mkuu MlindaGeti, huyo dada anawaogopa? Kama anatupia bakuli na kukimbia, hata ujenge ghorofa haisaidii.

MlindaGeti: Shepadi anamuogopa kweli, anasukuma bakuli na fagio. Kuanzia kesho asubuhi nitawapa mwenyewe. Banda fundi kapiga hesabu ya vyumba viwili, wife anataka kake kalie jikoni, bado tunabishana.

Kaka Geti Jeusi: Huyo shepadi akikomaa nicheki PM, nina jike Kimara.