Akaunti 401 ya Fomu 1 haifungani na jedwali la gharama, nifanyeje?

Mhasibu_Ganjoni: Assalam aleikum wana jukwaa. Tunalinganisha gharama za kampuni za umeme kwa data ya Fomu 1, ripoti ya mwaka ambayo kampuni hizo huwasilisha kwa FERC, tume ya nishati ya Marekani, ripoti za 2021 na kuendelea. Ndani ya jedwali moja fomula zinakubali. Shida ni kuvuka: nataka akaunti 401 ya taarifa ya mapato ifunguke hadi mistari ya gharama, kurasa 320 hadi 323. Nikiifunga na jumla kuu ya ukurasa 323, jumla hiyo inazidi 401 kila mara. Nifunge wapi?

Fundi_Majedwali: Waaleikum salaam ndugu yangu. Inazidi kwa kuwa jumla kuu ya 323 imebeba uendeshaji na matengenezo pamoja, yaani 401 na 402. Iache hiyo. Shuka kwenye jumla ndogo: za uendeshaji zote ziende 401, za matengenezo zote ziende 402. Gharama za utawala nazo zigawe: 920 hadi 931 ni uendeshaji, 935 ni matengenezo. Na usichuje kwa kutafuta neno "uendeshaji" kwenye jina la mstari. Umeme wa kununua, akaunti 555, uko chini ya jumla isiyo na neno hilo, utaachwa nje, na ni pesa nyingi mno.

Kisha chukua safu ya umeme peke yake. Taarifa ya mapato ina umeme, gesi na huduma nyingine. Jedwali la gharama ni la umeme tu. Kwa hivyo ufunguo wa kila kiungo uwe na vitu vitatu: jina la jedwali, jina la akaunti, aina ya huduma. Ukikosa cha tatu, kampuni inayouza gesi pia itakuharibia hesabu yote.

Pwani_Data: Niongezee hapo. Usitegemee viungo vya XBRL, muundo wa kidijitali wa ripoti hizi, vikufanyie kazi hii. Viungo vyake vya hesabu hujumlisha tarakimu za muktadha mmoja tu: kampuni ileile, kipindi kilekile, vipimo vilevile. Jumla ya huduma zote na safu ya umeme ni miktadha miwili, na salio la mwanzo wa mwaka, nyongeza na salio la mwisho pia hazikutani. Viungo hivyo itabidi uviandike mwenyewe, kwenye jedwali lake, kila mstari ukiwa na mzazi (jumla), mtoto (sehemu yake) na alama ya 1 ya kujumlisha au -1 ya kutoa.

Mhasibu_Ganjoni: Shukran sana, 401 na 402 sasa zinafunga. Na mizania je? Mali ya umeme ninaijumlisha inatoka kubwa kuliko ilivyoripotiwa.

Fundi_Majedwali: Angalia mambo mawili. Kwanza alama: akaunti 108, limbikizo la uchakavu, inatolewa. Zidisha alama zote za njia kuanzia mzizi (jumla ya juu kabisa) hadi jani (mstari usio na watoto), maana -1 ndani ya -1 inarudi kuwa jumlisho. Kuna kampuni huandika 108 ikiwa hasi tayari, kwa hivyo sawazisha ishara kabla ya kufunga chochote.

Pili, mtoto mwenye wazazi wawili. Mali iliyogawanywa kwa kazi na mali ileile iliyogawanywa kwa hali yake ya matumizi ni njia mbili za pesa moja. Chagua moja, na ujumlishe majani tu, jumla ndogo zote ziache.

Pwani_Data: Tofauti zitakazobaki usizifiche. Kwa kila mzazi toa jumla ya watoto wake kwenye tarakimu iliyoripotiwa, na kinachobaki kiweke kama mtoto wa "marekebisho". Majani yatalingana na mzizi, na utaona pengo liko wapi. Pengo kwenye akaunti moja kwa karibu kampuni zote ni kosa la fomula yako. Pengo kwa kampuni moja, mwaka mmoja, fungua ripoti yenyewe. Dola moja mbili ni za kukadiria tu, zipuuze.