Kitabu cha msingi cha sosholojia mwaka wa kwanza: Haralambos, Giddens au cha bure?

Mhadhiri Mbale

Salamu wakuu. Semista ijayo nina Utangulizi wa Sosholojia, mwaka wa kwanza, krediti 3. Wanafunzi ni 180 hivi, wengi wa sayansi ya jamii, wachache wa ualimu na ustawi wa jamii. Maktaba ina nakala sita za Haralambos na Holborn, nne za toleo la 7 na mbili za toleo la 8, pamoja na Giddens moja iliyochakaa. Muhtasari wa kozi niliourithi unataja vitabu kumi na tisa bila kusema kipi kinasomwa wiki gani.

Niweke kitabu kimoja cha msingi au niunganishe vipande? Kama ni kimoja, kipi? Na maandishi kuhusu Uganda, yale ambayo mtu asiyewahi kukutana na somo hili anaweza kuyasoma akaelewa, yako wapi? Wengi wanasomea kwenye simu.

---

Mzee wa Silabasi

Mwalimu, anza na kalenda, vitabu vifuate. Krediti 3 ni saa 45 za darasani ndani ya wiki 15. Toa wiki ya utambulisho, ya jaribio na ya marudio, zinabaki mada 12. Chora jedwali la mistari 12: mada, sura ya kitabu unachokifikiria, idadi ya kurasa. Kitabu kisichojaza angalau mistari minane si cha msingi, kipeleke kwenye rejea. Ile orodha ya kumi na tisa huwekwa kuridhisha wakaguzi. Mwanafunzi akiiona hajui aanzie wapi, basi haanzi.

Pima na mzigo. Mtu wa mwaka wa kwanza mwenye kozi tano, anayesoma Kiingereza cha kitaaluma kwa mara ya kwanza, kurasa 25 hadi 30 kwa wiki zinamtosha. Ukimpa 70 usidhani atasoma 35. Ataacha zote asubiri vitini vyako.

Haralambos na Holborn kiliandikwa kwa wanafunzi wa A-level wa Uingereza. Kwetu sosholojia haimo katika masomo ya S.5 na S.6, miaka miwili ya mwisho ya sekondari, kwa hiyo wanafunzi wako wanakutana nayo chuoni kwa mara ya kwanza. Nguvu ya kitabu hicho ni namna kinavyopanga mabishano: mtazamo wa uamilifu (unaouliza kila sehemu ya jamii inafanya kazi gani), Wamarxi, wanafeministi, kisha ukosoaji wa kila upande. Aliyeushika mpangilio huo huandika insha ya mtihani inayosomeka. Lakini ubaya wake unatoka hapohapo, kwa sababu mwanafunzi anakariri nani alimkosoa nani bila kuitazama jamii yoyote. Sura ya elimu inazunguka sheria za Uingereza za 1944 na 1988. Usipoingiza mipango yetu ya elimu kwa wote, UPE ya msingi ya 1997 na USE ya sekondari ya 2007, utasahihisha insha 180 zinazoeleza shule za Uingereza kana kwamba ziko Kumi.

Giddens na Sutton, toleo la 9 la 2021, kina macho mapana zaidi: utandawazi, mazingira, miji. Lugha yake imetulia. Ila kinapita kurasa elfu moja, na hakuna mwanafunzi wako atakayekinunua. Nakala mbili za maktaba, kwa ajili yako na wasaidizi wa semina, zinatosha.

Mimi ningeweka cha msingi kile cha OpenStax, mradi wa vitabu vya bure mtandaoni, Introduction to Sociology, toleo la 3 la 2021. Kina sura 21, ni cha bure, na leseni yake inakuruhusu kunakili, kukata na kuongeza ya kwako mradi utaje chanzo. Hiyo ruhusa ya kukata ndiyo faida kubwa, maana lazima ukate. Sura ya 9 ni matabaka ya Marekani, hata kichwa chake kinasema hivyo: itoe nzima, ubaki na ya 10 inayohusu tofauti za utajiri duniani. Sura ya 11 ya rangi na makabila, chukua sehemu za mwanzo zenye dhana, historia ya makundi ya Marekani iache. Ya 13 kuhusu wazee inategemea hifadhi ya jamii ya kwao. Mkononi una SAGE, ruzuku ya serikali kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 80 na zaidi, na swali zuri la semina: kwa nini umri huo, na nani anamlea mwenye 70? Sura 1 hadi 5 ziache zilivyo, badilisha mifano tu.

Kabla ya kuamua, fanya majaribio mawili. La kwanza, fungua faharasa ya kitabu, tafuta Afrika, kisha nenda kwenye kurasa zinazotajwa. Kama bara zima linajitokeza kwenye njaa, UKIMWI na vita peke yake, jua ni kazi gani itakusubiri kila wiki. La pili, chukua kurasa mbili za mada ileile kutoka vitabu viwili, uwape wanafunzi wachache wa mwaka wa pili dakika 20 waandike kwa sentensi tatu mwandishi anadai nini. Kitabu ambacho madai yake hawayapati kitakushinda darasani hata kama wewe unakipenda.

---

Mkutubi Gulu

Naongeza upande wa rafu, maana hapo ndipo mipango mizuri hufia.

Nakala moja iliyo kwenye mkopo mfupi wa saa mbili, maktaba ikiwa wazi saa 12 kwa siku, inasomwa na watu sita. Siku tano, watu 30. Kwa darasa la 180 hesabu inakupa nakala sita, na unazo. Lakini wanafunzi hawaji kwa mgawanyo huo. Semina ikiwa Ijumaa, wote wanakuja Jumatano jioni na Alhamisi. Ama uwe na nakala mara mbili, ama uvunje semina katika makundi ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hilo la pili halihitaji bajeti.

Kuhusu matoleo mawili ya Haralambos: la 7 ni la 2008, la 8 ni la 2013, na kurasa hazilingani. Usiandike "soma uk. 40 hadi 62". Andika sura na kichwa cha sehemu, inapoanzia na inapoishia. Nimeona kundi zima likijibu swali la familia kwa maelezo ya sura nyingine kwa sababu ya namba za kurasa.

Simu: kwa OpenStax wape toleo la wavuti, linajipanga kulingana na kioo. PDF nzima ni nzito na mtu anachoka kuvuta kulia na kushoto. Asiye na bando mpe sura iliyokatwa peke yake, mwakilishi wa darasa aipakue chuoni kisha waisambaze simu kwa simu. Ukiskani makala ya karatasi, tumia ubora wa dpi 300 (nukta kwa inchi), nyeusi na nyeupe, na upitishe programu ya kutambua maandishi ili neno liweze kutafutwa. Picha za rangi zilizopigwa kwa simu zinatoa faili la megabaiti 40 lenye kivuli cha kidole. Hilo halisomwi na mtu.

Fotokopi: tukichukua shilingi 100 kwa ukurasa, kurasa 30 kila wiki kwa wiki 12 ni 36,000. Wengine watashindwa, ndiyo maana namuunga mkono Mzee kwenye mzigo. Sheria ya Hakimiliki ya 2006 ina nafasi ya matumizi ya haki kwa kufundishia, lakini nafasi hiyo haifikii kutoa kitabu kizima nakala 180 na kuziuza mtaani Wandegeya, Kampala. Sura moja, makala moja, chanzo kikitajwa: kaa hapo.

---

Nyanya wa Kaabong

Sasa mpate cha kuweka pale mlipokata.

Wiki ya miji: Southall na Gutkind, 1957, utafiti wao wa Kampala uliofanyika Kisenyi na Mulago. Ni wa zamani na una lugha ya kikoloni, na ndiyo sababu unafaa. Wape kurasa kumi za Kisenyi, watembee Kisenyi ya leo au mtaa wowote wenye shughuli kama hizo hapo Mbale, waandike kilichobadilika kwenye kodi ya nyumba, biashara na nani anaishi na nani. Wiki ya uhamiaji: kitabu alichohariri Audrey Richards, 1954, kuhusu wahamiaji waliokuja Buganda kutoka Ruanda-Urundi.

Wiki ya kabila: makala ya Archie Mafeje ya 1971 kuhusu itikadi ya ukabila. Ina kurasa tisa tu, na inamlazimisha mwanafunzi kujiuliza neno "kabila" linafanya kazi gani kwa anayelitumia. Wiki ya siasa: Peter Ekeh, 1975, kuhusu umma wa aina mbili Afrika. Mnigeria huyu anaeleza kwa nini mtu yuleyule anakula fedha za serikali bila haya na kutoa mchango wa jamaa zake bila kukosa hata senti. Kurasa 22. Nusu ya kwanza ni ngumu, kwa hiyo waanzishe pale anapotenganisha hizo umma mbili. Jinsia: Sylvia Tamale, 1999, wanawake katika Bunge la Uganda. Tabaka: Mahmood Mamdani, 1976, kuhusu siasa na matabaka Uganda, lakini chagua sehemu moja, kitabu kizima hakifai mwaka wa kwanza.

Takwimu zitoke UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa. Sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6, ya 2024 milioni 45.9. Mpe mwanafunzi ripoti zote mbili na jedwali moja la wilaya yake, sura ya idadi ya watu itajifundisha yenyewe.

Onyo moja. Mkikuta kitabu kinachotumia Waik, jamii ndogo ya Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, kuonyesha kwamba utu hufa njaa ikizidi, kinamfuata Colin Turnbull, 1972. Aliishi nao wakati wa njaa miaka ya 60, akaichukulia hali ya njaa kuwa ndiyo tabia ya watu. Mwanaisimu Bernd Heine alifika kwa Waik baadaye, na mwaka 1985 akachapisha makala akionyesha kwamba lugha yenyewe Turnbull aliijua kidogo, na kwamba baadhi ya waliompa habari hawakuwa Waik. Msikifute kimya. Wekeni maandishi hayo mawili pamoja kwenye wiki ya mbinu za utafiti, mwanafunzi ajue kitabu maarufu kinaweza kukosea kuhusu majirani zake.

---

Mhadhiri Mbale

Asanteni sana, jedwali nimeshalianza na OpenStax inajaza mistari tisa. Mawili yamebaki. Waasisi wa somo, Marx, Durkheim na Weber: niwape maandishi yenyewe au muhtasari? Na kwa mbinu za utafiti, ambazo nina wiki mbili tu, nitumie kitabu gani?

---

Mzee wa Silabasi

Maandishi yenyewe, lakini vipande. Sehemu ya kwanza ya Manifesto ya 1848 inasomeka na ni bure mtandaoni. Durkheim kuhusu kujiua, 1897: wape anapolinganisha Wakatoliki na Waprotestanti, kisha uliza takwimu zile zilikusanywa na nani, na nani alikuwa na sababu ya kuficha. Swali hilo linafaa kwa jedwali lolote la takwimu za polisi wetu. Weber mwachie mwaka wa pili, sentensi zake zinachosha, mpe muhtasari. Na ukichukua tafsiri angalia tarehe ya mfasiri: Weber amefariki 1920, lakini tafsiri ya Kiingereza ya Parsons ni ya 1930, na hakimiliki ya tafsiri inahesabiwa peke yake.

---

Nyanya wa Kaabong

Kwa mbinu, wiki mbili hazitoshi kitabu. Sura ya 2 ya OpenStax inabeba msingi. Kitabu cha mbinu cha Bryman kiweke maktaba kwa watakaoandika tasnifu. Kile cha Mugenda na Mugenda wa Kenya kitaletwa na wanafunzi wenyewe, kinapatikana kila duka la fotokopi.

Ila wakingeni mapema na jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linaloonyesha sampuli, yaani idadi ya watu wa kuhoji, kwa kila ukubwa wa kundi. Kila pendekezo la utafiti linalibandika: watu 1,000, sampuli 278, watu milioni moja, 384. Jedwali lile linadhani umechagua watu kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Mwanafunzi hana orodha, amekaa sokoni akiwahoji wanaokubali, halafu anaandika 278 kama ushahidi wa usahihi. Mwingine anafanya mahojiano ya kina na bado anataka 278, akifika mtu wa 30 anaanza kubuni majibu. Waonyesheni jedwali na masharti yake wiki ileile ya Durkheim na takwimu za polisi, swali ni lilelile.

---

Mkutubi Gulu

Mwalimu, jedwali likikamilika lipeleke kwa mkutubi wenu wiki sita kabla ya semista, si wiki ya kwanza. Ekeh na Mafeje wako kwenye majarida ya kulipia, chuo kikiwa mwanachama wa muungano wa maktaba za vyuo vikuu vya Uganda huenda tayari mna njia ya kuyafikia bila kulipa tena. Richards na Southall itabidi kutafutwa maktaba nyingine, na kuskani kunachukua muda.